Nyasi za uani zikiachwa zirefuke, je, zinapata nguvu?

Wengi huamini kwamba majira ya kuchipua yakifika, nyasi za uani ziachwe zikue zipendavyo, maana kadiri zinavyorefuka ndivyo zinavyoimarika. Imani hii ina chembe ya ukweli. Nyasi zilizoachwa na urefu wa sentimita 7 hivi huwa na mizizi mirefu kuliko zinazonyolewa hadi udongoni, na kivuli chake huzuia magugu mengi kuota.

Tatizo huanza zinapofika magotini. Majani ya juu huyanyima mwanga ya chini, na shina hupauka. Ukija kuzikata kwa mkupuo mmoja, unaondoa karibu sehemu yote ya kijani, ile inayotengeneza chakula cha mmea, na uwanja hubaki wa manjano. Ndiyo maana watunza bustani hushauri usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Mimi naliona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Unyevu nao hukawia kukauka, hali inayopendwa na ukungu. Na kupe, katika maeneo waliyopo, hupanda kwenye majani marefu kungoja mnyama au mtu apite.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Tenganisha nyasi kwa vidole uone shina lina rangi gani. Kisha kata kipande kidogo hadi chini, kingine theluthi tu, uvilinganishe baada ya wiki moja.

Kama zimesharefuka, zipunguze kidogo kidogo, ukipumzisha siku kadhaa kati ya mkato na mkato.