Singer angekimbia nini?

Jana tena. Kijana kaja barzani kwangu Mlandege na charahani ya kompyuta, kaipakata kama mtoto mchanga, na hajaitua mezani keshaanza: "Fundi, hii imeungua ubao wa umeme. Singer mwenyewe aliyevumbua charahani akiiona hii atakimbia." Nikafungua. Sindano imetiwa kinyume. Elfu mbili, mwanangu.

Kwanza, Isaac Singer hakuvumbua charahani. Mfaransa Thimonnier alikuwa na yake 1830, Mmarekani Elias Howe akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mshono wa nyuzi mbili 1846, Singer akaja 1851, Howe akamshitaki mpaka akalipa. Basi, hayo tuyaache.

Linaloniudhi ni hilo la kukimbia. Toa bati lililo chini ya mguu wa charahani, mulika kwa simu, zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Sindano inashuka na uzi wa juu. Ikifika chini, bado hakujatokea kitu. Ni pale inapoanza kupanda, milimita mbili hivi, ndipo uzi unapolegea nyuma yake ukafanya kitanzi, na ncha ya ndoano iliyo kule chini ikapita humo humo, ikakichukua na kukizungusha bobini nzima, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Ndoano ikiwahi, kitanzi hakipo. Ikichelewa, kimeshakwenda zake. Kanzu yako ya Idi imesimama juu ya milimita mbili hizo! Watu hudhani sindano ndiyo inayoshona. Sindano ni hamali tu. Na ukiitia kinyume, ule upande uliochongwa unaangalia kwingine, ndoano inakosa pa kupita, kisha unaulaumu ubao.

Sasa achilia mbali Singer, Howe mwenye mshono wake angeshangaa nini hapo? Ndoano ya kuzunguka? Allen Wilson alipewa hataza ya ndoano hiyo tarehe 12 Agosti 1851, siku ile ile aliyopewa Singer yake. Kompyuta ya nakshi nayo inasogeza kitambaa tu. Kule chini mshono ni ule ule wa Howe.

Kasi, hapo sawa. Mashine ya Howe ilishona mishono kama 250 kwa dakika. Za viwandani leo hufika 5,000, na sindano hupata moto hadi kuyeyusha uzi wa poliesta kwenye dera. Hilo lingemkalisha chini.

Na mimi nikiri langu. Mkazo wa uzi siupimi kwa namba za kitabu, nauvuta kwa vidole. Zipo charahani nimekaza skrubu robo mzunguko, nikalegeza robo ile ile, zikapona, na mpaka leo sijui nilizitibu nini. Fundi akikwambia yeye anajua kila kitu, mtazame usoni.

Lipo moja Singer angelitambua papo hapo. Kampuni yake ilikuwa ikiuza charahani kwa kulipwa kidogo kidogo tangu miaka ya 1850. Kijana wa jana kaniachia mia tano. Iliyobaki, kasema, Ijumaa.