Majaribio ya kiotomatiki ya kurasa za wavuti: kwa nini yanayumba, na jinsi ya kuyatuliza

Jaribio la kiotomatiki la kiolesura hufanya kile ambacho mtumiaji angefanya. Linafungua kivinjari halisi, linaandika jina na nenosiri, linabofya kitufe cha kuingia, kisha linakagua kama ukurasa uliotarajiwa umefunguka. Kuliandika jaribio la kwanza si kazi kubwa. Ugumu huanza majaribio yanapofika mia na zaidi, ambapo baadhi hufaulu asubuhi na kuanguka jioni ilhali hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa programu.

Hesabu yenyewe inatisha. Chukua majaribio 100 yasiyotegemeana, kila moja likiwa na uwezekano wa asilimia 1 tu wa kuanguka bila sababu. Uwezekano wa yote kufaulu kwa pamoja ni takriban asilimia 37. Maana yake, karibu mara mbili katika kila tatu timu itaona alama nyekundu hata kama programu haina kasoro yoyote. Ukishusha kiwango hicho hadi 1 kati ya 1,000, mizunguko safi hupanda hadi asilimia 90 hivi. Watu wakizoea nyekundu za uongo huacha kuzichunguza, na kasoro ya kweli hupita katikati yake bila kuonekana. Kwa hiyo majaribio 40 yanayoaminika yana faida kuliko 400 yanayoyumba.

Kuhusu zana, usipoteze wiki nzima ukibishana. Selenium ilianzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 alipokuwa ThoughtWorks, na itifaki yake ya WebDriver, yaani kanuni za kukiamuru kivinjari, ikapitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuwa kiwango rasmi mwaka 2018. Cypress huendesha majaribio ndani ya kivinjari chenyewe. Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, huendesha vivinjari vya Chromium, Firefox na WebKit. Zote tatu zinafanya kazi vizuri, na zote tatu huyumba zikitumiwa vibaya.

Chanzo kikubwa cha kuyumba ni kusubiri. Ukurasa wa siku hizi huonekana kabla haujakamilika: fomu imeshatokea, lakini JavaScript, msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, bado inaomba data kwa seva, na kitufe bado hakijaunganishwa na kazi yake. Mtu hahisi pengo hilo kwa sababu mkono wake ni mzito. Mashine hubofya papo hapo, na bofyo hupotea. Dawa ambayo wengi hukimbilia ni kuliamuru jaribio lisimame sekunde 3 kabla ya kuendelea. Kompyuta ikiwa na kasi, muda huo unapotea bure. Seva ikilemewa, hautoshi. Piga hesabu: majaribio 200, kila moja likisimama hivyo mara tano, ni dakika 50 za kukaa kimya.

Subiri hali, usisubiri muda. Katika Selenium, WebDriverWait hukagua sharti ulilolitaja kila nusu sekunde na kuendelea mara linapotimia. Ukomo wa sekunde 10 hautumiki wote isipokuwa kuna tatizo. Usiichanganye na ile subira ya jumla inayowekwa mara moja kwa kivinjari kizima, kwani mbili hizo zikikutana muda halisi wa kungoja hautabiriki. Playwright yenyewe, kabla ya kubofya, huhakikisha kitufe kinaonekana, kimetulia mahali pamoja, hakijazimwa na hakijafunikwa na kitu kingine. Ukaguzi wa matokeo nao huurudia hadi sekunde 5, usipobadilisha mpangilio.

Hata hivyo, kuchagua hali ya kusubiri kunahitaji fikra. Kosa la kawaida ni kusubiri alama ya kupakia itoweke. Jaribio likikagua kabla alama hiyo haijatokea, sharti limeshatimia, nalo litaendelea mbele kwenye jedwali tupu. Subiri matokeo yenyewe: safu mpya katika jedwali, namba ya oda, jina la mtumiaji juu ya ukurasa. Vivyo hivyo, ukaguzi unaosema tu kwamba ujumbe wa kosa haupo hufaulu hata kwenye ukurasa mweupe usio na chochote. Thibitisha kwanza kilichopaswa kuwepo.

Wanaotumia Selenium watakutana pia na hitilafu ya StaleElementReferenceException. Jaribio lilishika kipengele cha ukurasa, kama kitufe, kisha ukurasa ukajichora upya na kukiondoa. Kingine kinachofanana nacho kabisa kiko pale pale, lakini ulichoshika hakimo tena. Usitunze vipengele kwenye vigeu vya msimbo ili uvitumie baadaye. Kitafute kila unapotaka kukitumia.

Namna ya kutafuta nayo ina uzito wake. Njia ya XPath, yaani anwani ya kipengele ndani ya muundo wa ukurasa, iliyonakiliwa kutoka kwenye kivinjari, ikipita ndani ya visanduku tisa, huvunjika mbunifu anapoongeza kisanduku cha kumi. Tafuta kwa aina na jina ambalo mtumiaji analiona: kitufe kiitwacho “Hifadhi”, sehemu ya kuandikia yenye lebo “Barua pepe”. Njia hiyo pia hufichua sehemu zisizo na lebo, ambazo mtu anayetumia kisoma skrini asingeweza kuzijaza. Pale maandishi yanapobadilika kulingana na lugha, mwombe msanidi aweke kwenye kipengele sifa ya kudumu kama data-testid, isiyoonekana na mtumiaji. Anwani hizo za kutafutia vipengele ziweke mahali pamoja kwa kila ukurasa, ili fomu ikibadilika urekebishe faili moja badala ya thelathini.

Chanzo kinachofuata ni data. Majaribio mawili yakitumia akaunti moja na kuendeshwa sambamba, moja litafuta oda ambayo jingine linaitafuta. Kila jaribio litengeneze mtumiaji wake mwenye jina la kipekee, tena kupitia API ya mfumo (mlango ambao programu hutumia kuwasiliana nao moja kwa moja), si kwa kujaza fomu ya usajili upya kila mara. Fomu ya kuingia ipimwe na jaribio lake. Mengine yaanze na kikao kilichokwisha kuhifadhiwa, mtumiaji akiwa ameshaingia. Kepcha, lile fumbo la kuthibitisha kuwa mtumiaji si roboti, izimwe katika mazingira ya majaribio, na majibu ya huduma za nje, kama za malipo, yawekewe mbadala. Weka wazi saa za eneo na ukubwa wa dirisha pia. Seva nyingi hutumia UTC, saa ya marejeo ya kimataifa, kwa hiyo tarehe ya “leo” inaweza kutofautiana na ya kompyuta yako, na dirisha likiwa jembamba menyu hujikunja na kukificha kitufe unachokitafuta.

Unapolichunguza jaribio linaloyumba, liendeshe peke yake mara 50, kisha liendeshe pamoja na mengine. Likianguka likiwa peke yake, anza kwa kuchunguza kusubiri. Likianguka tu likiwa na wenzake, chunguza data wanayoshirikiana. Kila anguko liache ushahidi: picha ya skrini, kumbukumbu za konsoli na orodha ya maombi yaliyokwenda kwenye seva. Bila hivyo utabaki kukisia.

Kurudia jaribio lililoanguka kunaruhusiwa, mara moja au mbili, ilimradi lililofaulu kwa kurudiwa lihesabiwe kando na lililofaulu mara ya kwanza. Linaloendelea kuyumba lihamishwe kwenye kundi la pembeni, lipewe mtu wa kulishughulikia na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita bila suluhisho, lifute, na kanuni liliyokuwa likiilinda iandikiwe jaribio la ngazi ya chini, kwenye API au kwenye msimbo wenyewe, ambako hakuna kivinjari cha kusubiri.