Mechi si pambo la mapenzi

Umefika muswada mwingine wa wasichana wawili wa sekondari wanaopendana, wote wachezaji wa netiboli, na kosa ni lile lile: mechi imepewa aya mbili, mapenzi yote yamesukumiwa bwenini. Waandishi wanaamini uwanja ni pambo, na kwamba siri haiwezi kukaa bila mlango uliofungwa. Jamani, netiboli ina kanuni zinazoibeba siri hiyo mbele ya shule nzima.

Anza na nafasi. GS (mfungaji) na C (mchezaji wa kati) si wapinzani wa kufuatana. Hadithi iko kwa GA (mshambuliaji anayefunga pia) wa shule moja na GD (mlinzi anayemkaba) wa shule nyingine, kwa sababu wanaruhusiwa kukanyaga eneo lile lile kabisa: theluthi ya katikati, theluthi ya goli na duara lake. Wakitoka hapo, filimbi inalia. Kwa robo nne za dakika 15 mmoja anamfuata mwenzake kama kivuli, na hakuna anayeuliza mbona anamwangalia hivyo. Ukiwataka wa shule moja, wapambanishe mazoezini.

Umbali ndio unaoniudhi zaidi, maana miswada karibu yote inaukosea. Tuseme hadithi iko Butimba mwaka 2018, UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ilipofanyika Mwanza. GA akishika mpira, GD anatakiwa awe futi tatu kutoka mguu wake, yaani sentimeta 90, zikipimwa ardhini. Mikono anaweza kuinyanyua kuziba pasi. GA ana sekunde tatu tu za kuuachia mpira. Lakini GA asipokuwa na mpira, GD anaweza kusimama naye karibu kabisa, akazisikia pumzi zake, mradi asimguse wala asimtanulie mikono. Sasa mwandishi anakuja na "walikumbatiana wakigombea mpira", na hapo ameua kila kitu. Mchezo huu umekataza kugusana, ndiyo maana kugusana kuna uzito. GD akimgusa na kumzuia, mwamuzi anatoa penalti: GD anasimama pembeni ya GA, mikono chini, haruhusiwi kucheza mpaka mpira umtoke mwenzake mkononi. Yaani adhabu ya kumgusa umpendaye ni kusimama ubavuni mwake ukimtazama akilenga pete ya goli iliyo mita 3.05 juu. Sura nzima iko hapo, na watu wanairuka kukimbilia bwenini!

Shuka karibu zaidi. Kizibao cha GD kimefungwa kamba kiunoni, fundo linalegea, na GA analitazama fundo badala ya pete. Chokaa ya mstari wa duara imeganda kwenye soli yake. Upepo wa mchana kutoka ziwani unausukuma mpira, GA wa Mwanza amezoea kuufidia, na leo hakuufidia.

Mengine ni ya kusahihisha haraka: wanaofunga ni GS na GA pekee, nyuma ya pete hakuna ubao, kucha hukatwa fupi kabla ya mechi. Na mtihani wa kidato cha sita huwa Mei, kwa hiyo usimfanye mhusika akose fainali ya Juni kwa sababu yake.

Kiswahili nacho kimekupa maficho usiyoyatumia. "Ananisubiri pale Kirumba," binti anamwambia mama yake, na amesema kweli tupu bila kutaja kama ni mvulana au msichana. Mwache mpenzi abaki "a-" kurasa kadhaa, usimwandike "yule msichana" kila sentensi. Neno "shoga", ambalo wanaume hutukanwa nalo, kinywani mwa wasichana ni urafiki tu. Hawa wawili wanaweza kuitana "shoga yangu" mbele ya Madam, na Madam asigeuke.

Ninaposita ni mwisho. Wengi huwafukuzisha shule, na hofu hiyo ni ya kweli, ila imeandikwa hivyo mpaka msomaji anaijua tangu ukurasa wa kwanza. Wengine huwapa kombe na busu mbele ya jukwaa kuu, nami siamini. Wasipogunduliwa kabisa, nahofia tunamwambia binti anayesoma kwamba kujificha ndiyo furaha yenyewe. Kwa sasa nawashauri waandishi wakomee robo ya nne: penalti imetolewa, GD yuko pembeni, mikono chini, mpira uko kwa GA, na sekunde tatu zimeanza kuhesabiwa.