Foleni ya Malaba: maswali na majibu kuhusu yale tuliyojifunza wakati wa korona

Korona si imeshapita? Ya nini kuifukua tena?
Kilichokwisha ni hali ya dharura, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitangaza 30 Januari 2020 na kuiondoa 5 Mei 2023. Kirusi chenyewe bado tunaishi nacho.

Kufunga mipaka kulisaidia?
Kwa kiasi. Abiria walizuiwa, lakini mizigo haikuzuilika: Uganda na Rwanda hazina bahari, na mafuta yao hupitia Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo mwaka 2020 madereva wa malori wakaanza kupimwa mipakani. Tatizo likawa kila nchi kutaka kipimo chake. Dereva aliyekwisha kupimwa Kenya anafika Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na upande wa Uganda wanampima upya, naye anasubiri majibu kwa siku kadhaa. Malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Madereva na mataniboi wao wakakaa humo, wakila pamoja na kupiga soga kivulini mwa magari. Utaratibu uliowekwa kuzuia maambukizi ukawakusanya watu mahali pazuri kabisa pa kuambukizana!

Juu ya hayo, wakaitwa waleta korona. Mtu akishanyooshewa kidole hivyo, hata akikohoa atameza kikohozi chake.

Walitokaje hapo?
Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitengeneza mfumo wa kwenye simu: dereva anapimwa kabla ya safari, na cheti chake kinasomwa na kukubaliwa katika nchi nyingine wanachama. Dawa mpya haikuwepo, wala kipimo kipya. Maabara ya jirani ilianza kuaminiwa, basi.

Nikipimwa nikakutwa sina, niko salama?
Kwa siku ile. Dalili za korona zinaweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza, na ukipimwa mapema mno kirusi hakionekani. Ukianza kuumwa baadaye, vaa barakoa, kaa mbali na wazee, upimwe tena.

Na mataifa makubwa, yalishirikiana?
Hapa nina kinyongo kidogo. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waligundua aina mpya ya kirusi, Omicron, wakatoa taarifa mara moja. Ndani ya siku chache Ulaya na Marekani zikawafungia milango wasafiri wa kusini mwa Afrika, ingawa sampuli zilionyesha kwamba Uholanzi kirusi kilikuwemo tayari. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nchi itakayoona kirusi kipya kesho itakumbuka jinsi mjumbe yule alivyotendewa.

Kwenye chanjo ni vilevile: Uingereza ilianza kuchanja 8 Desemba 2020, Kenya ikapokea shehena yake ya kwanza, dozi milioni 1 na ushei, 3 Machi 2021. Muda mfupi baadaye India, zilikotengenezwa, ikabana mauzo ya nje kwa kuwa nayo ilielemewa na wagonjwa.

Kuna makubaliano yoyote sasa?
Mkataba wa magonjwa ya mlipuko duniani ulipitishwa Geneva 20 Mei 2025. Sehemu ngumu zaidi, ya anayetoa sampuli za virusi apate chanjo kiasi gani, iliachwa ijadiliwe baadaye.