Shule ya kimataifa ugenini: tuliyoambiwa na tuliyoyakuta

Tulipohamia nje ya nchi na kumwandikisha binti yetu shule ya kimataifa, wazazi waliotutangulia walitupa ushauri kwa nia njema kabisa. Mwingine ulimgharimu mtoto.

Dhana: Mtoto akishaongea Kiingereza na wenzake, suala la lugha limekwisha.

Hii ndiyo iliyotuumiza zaidi. Mwaka haujaisha, binti yangu alikuwa anacheka na kubishana na wenzake kwenye basi la shule kana kwamba kazaliwa huko. Nikatulia. Siku moja akarudi na karatasi ya mtihani wa sayansi, nusu yake tupu. Nikamkalisha mezani, nikamuuliza kwa Kiswahili mmea unajitengenezeaje chakula. Akaeleza mwanga, maji, hewa, mpaka akachora jani na vishale vyake. Alichokuwa hajaelewa ni neno moja tu la swali, lililomtaka alinganishe na kutofautisha.

Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alishaieleza hali hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lugha ya mazungumzo mtoto huipata kwa takriban miaka 2, lakini lugha ya masomo, ile ya kueleza sababu na kutetea hoja, huchukua miaka 5 au zaidi kuwafikia wenzake waliozaliwa nayo. Kwa hiyo shule ikisema mtoto hahitaji tena msaada wa Kiingereza, uliza wamempima kwa maandishi au wamemsikiliza tu akiongea.

Dhana: Acheni lugha ya nyumbani, inamchanganya.

Mwalimu mmoja alitushauri hivyo, nasi tukatii muhula mzima. Nyumba ikapoa. Bibi yake akipiga simu, mtoto anajibu ndiyo na hapana, kisha ananirudishia simu.

Ukweli ni kinyume chake. Anachokielewa mtoto kwa lugha mama huhamia kwenye lugha mpya. Aliyeelewa usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula, kwa Kiswahili amebakiza kujifunza majina. Tukarudi kusoma naye kila jioni, kwanza kwa lugha yetu, halafu kwa ya shule. Wenye watoto wakubwa wajue pia kwamba Diploma ya IB (International Baccalaureate, shirika lenye mitaala inayofuatwa na shule nyingi za kimataifa), ya miaka 2 ya mwisho wa sekondari, ina njia ya mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya kwanza hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo. Ulizeni mapema, maana shule nyingine hazitaji jambo hili mpaka ziulizwe.

Dhana: Jina "kimataifa" ni dhamana ya ubora.

Jina si cheti. Ulizia mtaala, ithibati, na mtihani anaohitimu nao mtoto. IB, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, huorodhesha kwenye tovuti yake shule zote ilizoziidhinisha. Kuhakiki ni dakika chache.

Dhana: Ada iliyotangazwa ndiyo gharama yenyewe.

Mara nyingi kuna fomu, usajili, basi, sare, safari za masomo na ada ya mitihani. Omba mchanganuo wa mwaka mzima kwa maandishi kabla hujalipa chochote.

Dhana: Watoto huzoea upesi.

Kuzoea huzoea, lakini wanaozoeana nao huondoka. Mikataba ya kazi ya wazazi ikiisha, familia zinahama. Rafiki mkubwa wa binti yangu aliondoka katikati ya mwaka. Tulipata habari Ijumaa, Jumatatu kiti kilikuwa kitupu. Wiki mbili hakutaka kukaa na mtu yeyote wakati wa chakula. Tangu hapo, nikitembelea shule yoyote nauliza kwanza wanawaagaje watoto wanaohama, na wanafanya nini kwa wale wanaobaki.