Je, wajua kwa nini Ulaya ilisomea udaktari kwa kitabu cha Ibn Sina?

Mwanafunzi wa udaktari huko Bologna, Italia, au Montpellier, Ufaransa, katika karne ya 14 alifundishwa kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu, huko Uajemi, na Mwislamu aliyefariki mwaka 1037. Kitabu chenyewe ni Al-Qanun fi al-Tibb cha Ibn Sina, mzaliwa wa karibu na Bukhara. Hata katika karne ya 17 baadhi ya vyuo vya Ulaya vilikuwa bado vinakitumia. Kwa nini hicho, na si kingine?

Si kwamba Ibn Sina ndiye aliyekuwa mganga hodari kuliko wote. Katika kumtazama mgonjwa, kwa maoni yangu, Al-Razi, tabibu Mwajemi aliyemtangulia, alimzidi. Ndiye aliyeeleza jinsi ya kutofautisha ndui na surua. Lakini Al-Hawi, kazi yake kubwa, ni lundo la madondoo yaliyokusanywa na watu baada ya kufa kwake: hazina kwa mtafiti, adhabu kwa mwanafunzi. Nayo mafundisho ya Galen, tabibu wa Kigiriki waliyemtegemea wote, yalitapakaa katika vitabu chungu nzima.

Ibn Sina alipanga. Juzuu ya kwanza ina misingi ya fani, ya pili dawa mojamoja, ya tatu maradhi ya viungo kuanzia kichwani kushuka hadi miguuni, ya nne yale yanayoshika mwili mzima, kama homa, na ya tano dawa za kuchanganya. Gerard wa Cremona alikitafsiri kwa Kilatini mjini Toledo, Hispania, katika karne ya 12. Vyuo vikuu ndiyo kwanza vinachipuka, na walimu wanatafuta kitabu cha kusomesha hatua kwa hatua. Wakakipata.

Ubaya ni kwamba kitabu kikishaheshimika hivyo, makosa nayo huheshimika. Galen alifundisha kuwa damu hupenya kwenye vitundu vya ukuta unaotenga pande mbili za moyo. Mwaka 1242 tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis, katika maelezo yake juu ya Qanun, alikanusha: ukuta huo hauna tundu, damu hupitia mapafuni. Ulaya haikuiona hoja hiyo ikichapishwa hadi 1553, kwa kalamu ya tabibu Mhispania Michael Servetus, na kama aliipata kwa Waarabu au la, wanahistoria wanabishana hadi leo. Andiko la Ibn al-Nafis lilikuja kuibuliwa mwaka 1924, na daktari Mmisri aliyelikuta katika maktaba ya Berlin.