Usifute faili ya kufuli, na dhana nyingine potofu kuhusu kusasisha Ubuntu

Mvua ya alasiri huku Kisumu na Kakamega huja na radi, na radi hupenda kuondoka na stima. Mwenye saiba Kondele au mwanafunzi wa Maseno ambaye kompyuta yake ya mezani haina UPS anajua maana yake: mashine imezimika huku Ubuntu, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, ikisasisha vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kuwekwa, na jirani yuko tayari na ushauri. Sehemu kubwa ya ushauri huo ndiyo inayomaliza mashine.

Dhana: Stima ikipotea katikati, mfumo umekufa, tafuta flashi uuweke upya.

Mara nyingi haujafa. Dpkg, programu inayofungua vifurushi na kuvipanga mahali pake, ina daftari lake, /var/lib/dpkg/status, linaloonyesha kila kifurushi kimefika wapi: kimefunguliwa tu, kimesanidiwa nusu, au kimekamilika. Stima ikirudi, ukijaribu kusasisha tena utakutana na maneno "dpkg was interrupted", na dawa imeandikwa papo hapo kwenye ujumbe huohuo, amri ya kuandika kwenye terminali: sudo dpkg --configure -a. Iache imalize, kisha sudo apt --fix-broken install (apt ndiyo inayopakua vifurushi na kumpa dpkg kazi), ndipo urudie kusasisha.

Je, kama mashine haifiki hata kwenye skrini ya kuingilia? Iwashe upya ukibonyeza Esc, au ukishikilia Shift kwenye mashine kuukuu, hadi menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, itokee, uchague keneli (kiini cha mfumo) ya awali. Keneli mpya huwekwa kando ya ile iliyokuwa ikitumika, haiifuti. Hata daftari lenyewe likiharibika, nakala zake za siku zilizotangulia zimo /var/backups. Kinachoshinda amri zote hizi ni diski iliyoungua kwa stima iliyorudi kwa kishindo, na hiyo haiponi kwa flashi pia. Fundi anayekimbilia kuweka upya kabla ya kusoma skrini anakuuzia kazi usiyoihitaji, na faili zako ndizo zinazolipa.

Dhana: Ukizuiwa na kufuli, futa faili ya kufuli.

Kufuli ni zuio linalohakikisha programu moja tu inasasisha kwa wakati mmoja, na huu ndio ushauri mbaya kuliko wote. Faili ya /var/lib/dpkg/lock-frontend iko pale siku zote, hata kama hakuna anayesasisha chochote. Kufuli halisi huwekwa na keneli kwa niaba ya programu inayofanya kazi, na programu hiyo ikifa, kufuli huachiliwa lenyewe. Kwa hiyo ukizuiwa, ujue kuna programu hai. Mara nyingi ni unattended-upgrades, ile inayosasisha mambo ya usalama kimyakimya muda mfupi baada ya mashine kuwashwa. Ukifuta faili umewaruhusu wauza duka wawili waandike kwenye daftari moja la madeni kwa wakati mmoja. Kanywe chai, urudi.

Dhana: Ukiona "Release file is not valid yet", seva ni mbovu.

Tazama saa yako kwanza. Kompyuta nyingi zinazouzwa Nakuru na Kisumu ni za ex-UK, na betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama mara nyingi huwa imechoka. Ukizima kwenye soketi, saa inasimama au inarudi nyuma. Apt hulinganisha saa hiyo na tarehe iliyo kwenye orodha ya vifurushi. Ikiona orodha imetoka siku ambayo haijafika, inaikataa. Kwa kawaida mtandao hurekebisha saa, lakini mitandao mingine ya ofisi na vyuo huzuia poti ya 123 inayotumika kwa kazi hiyo. Weka tarehe kwa sudo date -s, kisha nunua betri.

Dhana: Kosa la 404 ni la mtandao.

Mtandao mbovu haukupi 404. Haukupi jibu lolote. Huenda umeruka sudo apt update, amri ambayo yenyewe haisasishi programu yoyote bali huleta orodha mpya, na sasa unaomba kifurushi kilichokwisha kubadilishwa. Au toleo lako limepitwa na wakati. Matoleo ya LTS (ya kuhudumiwa muda mrefu) kama 22.04 na 24.04 huhudumiwa kwa miaka 5; ya katikati, kama 23.10, kwa miezi 9 tu, kisha vifurushi vyake huhamishiwa old-releases.ubuntu.com.

Vifurushi ambavyo apt inasema "vimezuiliwa nyuma" (kept back) navyo mara nyingi si kosa. Ubuntu hugawa baadhi ya masasisho kwa awamu, na zamu yako itafika.

Dhana: Bando likiisha katikati, unaanza kupakua upya.

Vilivyokwisha kupakuliwa vimekaa /var/cache/apt/archives, na kilichokatika huendelezwa kutoka kilipofika, mradi hujaendesha apt clean. Unaweza hata kuzitenganisha kazi hizi mbili: sudo apt upgrade --download-only usiku bando likiwa rahisi, halafu sudo apt upgrade laptopu ikiwa na chaji kamili. Hatua hii ya pili haihitaji intaneti.